Undugu Ulipouzwa Tiketi Nne Nne

Fomu ilikuwa gazetini. Uliikata kwa mkasi, ukajaza jina na anwani, ukaenda kununua hawala ya posta ya dola 120, ukavitia vyote viwili kwenye bahasha na kuituma. Dola 120, kwa sababu tiketi ilikuwa dola 30 na hukuruhusiwa kununua moja wala mbili: nne, au ubaki nyumbani. Kisha ukasubiri. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ichague majina, na waombaji walitarajiwa kuwa wengi kuliko viti, tena mara nyingi. Jina lako lisipotoka, hela ilirudi baada ya wiki kadhaa, na faida iliyokuwa imezaa benki muda wote huo haikuwa yako.

Hivyo ndivyo familia ya Jackson ilivyowauzia Wamarekani ziara ya Victory mwaka 1984. Nimeirudia habari ya ziara hii mara nyingi kuliko ziara nyingine yoyote ya muziki. Ukubwa wake unajulikana: maonyesho 55 kuanzia Julai hadi Desemba, watu zaidi ya milioni 2, mapato ya karibu dola milioni 75, rekodi ya zama zile. Lakini kinachonirudisha ni kwamba, ukiziondoa taa na moshi wa jukwaani, unabaki na kisa ambacho kila ukoo wa huku kwetu unakifahamu. Mtoto mmoja amefanikiwa, ndugu zake wamebaki nyuma, na mama amemwita wazungumze.

Wengi waliouandika mkasa huu humwonea huruma Michael, ndiye yule mtoto aliyefanikiwa, kwa kubebeshwa kaka zake. Mimi sioni kosa hapo. Kubeba ndugu ni jambo la heshima, na aliyewahi kulipiwa ada na kaka yake anajua thamani yake. Kosa lilikuwa kuutoa wajibu ule nyumbani na kumpelekea shabiki aulipie yeye, tena bila kumwambia.

Turudi Gary, Indiana, kwenye nyumba namba 2300 ya Jackson Street. Vyumba viwili vya kulala, wazazi wawili, watoto tisa. Joe Jackson alikuwa mwendesha winchi kwenye kiwanda cha chuma cha U.S. Steel, na gitaa lake lilikuwa mwiko kwa watoto. Tito alikuwa akilichukua baba akiwa kazini, mpaka siku alipoikata kamba. Joe aliporudi alihamaki, kisha akampa mtoto lile gitaa na kumwambia aonyeshe anachojua. Kundi zima lilianzia kwenye kamba ile iliyokatika. Mwaka 1969 watoto watano wa nyumba ile walikuwa Motown, kampuni ya kurekodi muziki, na mwaka 1970 nyimbo zao nne mfululizo zilishika namba moja Marekani. Sauti iliyozibeba ilikuwa ya Michael, mtoto wa miaka 11.

Kwenye ziara zao za mwanzoni mwa miaka ya 1970 undugu ndio uliokuwa bidhaa, na ulikuwa wa kweli. Watu walinunua tiketi kuona kaka watano waliofanana mashavu wakigeuka kwa pamoja. Familia nyingi za Waamerika Weusi hazikuwa zimewahi kujiona namna ile kwenye televisheni, safi, wengi, wenye furaha. Mpaka katuni za Jumamosi asubuhi wakatengenezewa. Hakuna aliyelaghaiwa pale: uliahidiwa ndugu, na ndugu ukawapata.

Ufa wa kwanza uliingilia kwenye makaratasi. Familia ilipoamua kuihama Motown mwaka 1975 iligundua kwamba jina la kundi lao, Jackson 5, lilikuwa mali ya kampuni. Baba mzazi hakuwa na haki ya kulitumia jina la ukoo wake kwa namna dunia ilivyolizoea. Jermaine alikuwa amemwoa Hazel, binti wa Berry Gordy mwenye Motown, akabaki ukweni. Randy, mdogo wao, akaingia mahali pake, na kundi likaitwa The Jacksons. Napenda watu wa muziki wa hapa walisome jambo hili polepole. Kundi la familia likisaini mkataba bila kuuliza jina ni la nani, linaweza kuondoka na damu yake likaacha jina nyuma.

Yaliyofuata yanajulikana. Albamu za Michael peke yake zikaanza kutikisa: Off the Wall ikatoka mwaka 1979, kisha Thriller mwishoni mwa 1982. Machi 1983 ilirekodiwa sherehe ya miaka 25 ya Motown, na nadhani ziara ya Victory ilikwisha kutabiriwa usiku ule kwa ajili ya yeyote mwenye macho. Kaka wote walipanda, Jermaine akiwa amerudi, wakaimba nyimbo za utotoni, wakakumbatiana. Kisha wakateremka mmoja mmoja. Michael akabaki peke yake na kofia nyeusi na glavu moja, akaimba "Billie Jean". Kipindi kiliporushwa mwezi Mei, Marekani haikuzungumzia tena kukumbatiana kule.

Kwa hiyo mwaka 1984 hali ilikuwa hivi. Msanii mkubwa kuliko wote duniani, mwenye umri wa miaka 25, hakuwa na haja ya kundi. Kundi ndilo lililokuwa na haja naye. Imeandikwa mara nyingi kwamba hakuitaka ziara ile na kwamba ni mama yake, Katherine, aliyemshawishi. Kwa baba alikwisha kujifunza kukataa: mkataba wa Joe wa kuwa meneja wake ulipomalizika mwaka 1983, hakuuhuisha. Kwa mama ilikuwa habari nyingine. Sisi tuna neno la jambo hili, nalo ni radhi. Mtu anaweza kuwa na mawakili kumi na kuzishinda kampuni zote mahakamani, lakini akiambiwa na mama yake "fanya kwa ajili ya wenzako", hana wakili wa kumtuma akajibu.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo wachambuzi wanapopita haraka. Radhi haina bei. Ukishaiingiza kwenye biashara, ni lazima mtu aipangie bei, na atakayeipanga hatakuwa mama. Alikuja Don King, promota wa ngumi, aliyewatangulizia ndugu hao dola milioni 3 kwa hesabu ya mapato yatakayokuja. Wazazi nao wakawa mapromota pamoja naye, na fungu lao. Ikaja Pepsi na dola milioni 5 za udhamini, kwa ajili ya familia ambayo mtoto wake maarufu hakuwa mnywaji wa soda ile. Tarehe 27 Januari 1984, wakirekodi tangazo hilo mjini Los Angeles, fataki zililipuka kabla ya wakati na nywele za Michael zikashika moto. Fidia ya dola milioni 1.5 aliyolipwa aliitoa kwa hospitali iliyomtibu. Ikabidi pia Michael amwandikie King barua kumkataza kuzungumza wala kupokea fedha kwa niaba yake. Hayo yote yalitokea kabla hata tiketi moja haijauzwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na bendi ya ndugu watano baada ya harusi moja mkoani Morogoro. Ilikuwa saa tisa usiku, viti vinakusanywa. Kaka mkubwa alizipanga noti juu ya boksi la spika, akamulikiwa kwa tochi ya simu. Aliposhika noti za kwanza alisema "ya mama", akaziweka pembeni, akaziwekea betri ya maikrofoni juu zisipeperuke. Kisha mafuta ya gari. Kisha akagawa zilizobaki mafungu sawa, na mpiga kinanda, ambaye hakuwa wa ukoo ule, alipata fungu lile lile la ndugu. Hakuna aliyenung'unika, maana kila mtu aliona fungu la mama linatoka wapi. Lilitoka kwenye jasho lao wenyewe, mbele ya macho yao, baada ya kazi. Mwenye harusi alilipa bei ya muziki tu.

Kwa akina Jackson, "ya mama" ilitangulia kazi. Ilitangulia na "ya baba", na "ya Don King", na "ya kaka" sita waliogawana sawa kwa sawa wakati mvuto haukuwa sawa hata kidogo. Ukijumlisha mafungu yote hayo, utaelewa dola 30 zilitoka wapi. Wasanii wakubwa wengine wa majira yale walikuwa wakitoza karibu nusu ya hiyo. Bei ile haikupangwa kwa kuangalia gharama ya spika na umeme. Ilipangwa kwa kuhesabu watu wangapi nyumbani walikuwa wanasubiri. Na sharti la tiketi nne lilimwumiza hasa yule aliyekuwa nao tangu mwanzo: mtoto wa mtaa wa Weusi aliyenunua sahani zao za muziki kwa senti za kutumwa dukani. Dola 120 kwa mkupuo mmoja ilikuwa fedha ya kodi ya nyumba kwa watu wengi.

Aliyesema waziwazi ni mtoto. Msichana wa miaka 11 wa Texas, aliyekuwa ameweka akiba ya tiketi moja na kukuta hawezi kuinunua, aliandika barua kwenye gazeti la Dallas kumuuliza Michael inawezekanaje yeye, kati ya watu wote, awe na ubinafsi kiasi hicho. Tarehe 5 Julai, siku moja kabla ya onyesho la kwanza kwenye uwanja wa Arrowhead, Kansas City, Michael aliita wanahabari. Alisema utaratibu wa tiketi nne nne utabadilishwa, na kwamba mapato yake yote ya ziara atayatoa kwa hisani. Aliyatoa kweli, karibu dola milioni 5, zikagawanywa kati ya mfuko wa masomo wa vijana Weusi, utafiti wa saratani na kambi ya watoto wagonjwa.

Namheshimu kwa hilo, na sitaki heshima hiyo ipungue kwa ninayoyasema sasa. Bei haikushuka. Kutoa mapato yake kuliisafisha dhamiri ya mtu mmoja, na fedha ile ikawafaa wagonjwa na wanafunzi, lakini shabiki wa Jacksonville bado alilipa dola 30. Badala ya kuufungua mkataba, Michael aliupita kando. Naelewa kwa nini. Kuufungua kungemaanisha kukaa mezani na kaka zake na kuwaambia fungu lenu lipungue, na mezani pale angekuwepo mama. Ilikuwa rahisi kwake kuacha mamilioni kuliko kuanzisha mazungumzo yale. Wangapi wetu tumelipa deni la ndugu kimyakimya ili tu tusikae kikao cha familia?

Na jukwaani? Waliokuwepo walipata onyesho la nguvu, sina ubishi. Jukwaa lilimeza sehemu kubwa ya uwanja na lilihitaji msururu wa malori kulisafirisha kutoka mji hadi mji. Lakini itazame orodha ya nyimbo. Albamu ya Victory ilitoka Julai 2, siku nne kabla ya ziara iliyobeba jina lake, na hakuna hata wimbo mmoja wake ulioimbwa jukwaani. Jackie, kaka mkubwa, alikuwa ameumia mguu na akakosa sehemu kubwa ya ziara. Sehemu kubwa ya usiku ilikuwa nyimbo za Michael, kisha Jermaine na nyimbo zake chache, na katikati mchanganyiko mfupi wa nyimbo za utotoni, "I Want You Back", "The Love You Save", "I'll Be There". Ule mchanganyiko wa dakika chache ndio peke yake uliokuwa onyesho la kundi la familia. Zaidi ya hapo lilikuwa onyesho la mtu mmoja lililovishwa fulana ya ukoo.

Ziara ilizunguka Marekani kwa miezi mitano na kuvuka mara chache kuingia Canada. Ilifika Dallas, Knoxville, Detroit, Buffalo, Denver, Miami, Houston. Oktoba ilipiga siku tatu Comiskey Park, kusini mwa Chicago, mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwenye ile nyumba ya vyumba viwili. Gary yenyewe haikuwamo. Viwanda vya chuma vilikuwa vimepunguza watu, na mji uliowazaa haukupata hata usiku mmoja. Najua hesabu: Gary haikuwa na uwanja wa watu 50,000. Lakini familia iliyokuwa ikiuza undugu ingeweza kupata jioni moja ya kuimba bure mbele ya geti la kiwanda alichofanyia kazi baba yao. Hilo lingegharimu kidogo kuliko mambo mengi waliyolipia.

Aliyelipa ghali kuliko shabiki yeyote ni Chuck Sullivan, na yeye naye alikuwa mtoto wa familia. Baba yake, Billy Sullivan, ndiye aliyeianzisha New England Patriots, timu ya mpira wa Kimarekani. Chuck aliitaka kazi ya kuiandaa ziara kwa nguvu mno hata akawahakikishia akina Jackson zaidi ya dola milioni 36, na mgawo wa mapato mkubwa kupita desturi ya biashara ile. Ili apate mkopo aliuweka rehani uwanja wa timu, uliobeba jina la ukoo wake. Kisha mambo yakamwendea kombo moja baada ya jingine. Viti vingi vilizibwa na jukwaa, hivyo havikuuzika. Gharama zikapanda. Hata mji wake wa Foxborough ulimnyima kibali cha kuwaleta akina Jackson kwenye uwanja ule ule alioweka rehani. Makadirio ya hasara yake ni kati ya dola milioni 13 na 22.

Kulikuwa na vidonda vingine katika mali ya Sullivan, lakini hicho kilikuwa kikubwa. Mwaka 1988 familia iliiuza timu kwa Victor Kiam, na uwanja uliofilisika ukanunuliwa na Robert Kraft. Mwenye uwanja alikuwa na mkataba wa pango ambao timu haikuweza kuukwepa, na mwaka 1994 Kraft akainunua timu yenyewe kwa dola milioni 172. Leo ni miongoni mwa timu zenye thamani kubwa kabisa duniani. Nikisema kwamba ziara ya Victory ilikuwa ya familia mbili, simaanishi fumbo. Moja ilikuwa jukwaani ikitumia jina lake kupata fedha, nyingine ofisini ikitumia mali yake kulinunua jina hilo, na zote mbili hazikuwa na mtu wa nje aliyeruhusiwa kusema "hapana".

Huku kwetu hatuna ziara za dola milioni 75, lakini makundi ya ndugu tunayo na tumekuwa nayo siku zote. Them Mushrooms, ndugu wa familia moja wa pwani ya Kenya, walianzia kuwapigia watalii mahotelini Mombasa na wakaipa dunia "Jambo Bwana". Kwaya za familia zinajaza makanisa. Wasanii wa Bongo Fleva wanaozunguka mikoani mara nyingi wana kaka kama meneja, dada kwenye fedha, binamu anayeendesha gari. Sioni ubaya. Ndugu atakulinda usiku promota akitokomea na kiingilio cha mlangoni. Ninachokiomba ni fungu la familia litajwe. Liandikwe kwenye karatasi kabla ya safari, kwa asilimia, kama fungu la mpiga ngoma linavyoandikwa, litoke kwenye faida, na asiwepo anayelifidia kwa kupandisha kiingilio cha Dodoma au Kahama. Msanii anayeogopa kumwuliza kaka yake hesabu ameshaanza kuwatoza mashabiki wake.

Mwaka 1992 Michael alitua Dar es Salaam, akapokelewa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Hakuja kuimba, lakini watu walijipanga barabarani. Wakati huo ndugu zake walikuwa wameshatengana naye kikazi kwa miaka, na nani alikuwa amelianzisha hilo halikuwa siri.

Alilianzisha Desemba 9, 1984, Dodger Stadium, Los Angeles, usiku wa mwisho. Kulikuwa na mipango ya kuipeleka ziara nje ya Marekani. Kwa miezi ile mitano walikuwa wamefikia hatua ya kusafiri mbalimbali na kukutana kupitia mawakili. Onyesho likielekea ukingoni, Michael alichukua maikrofoni na kuuambia uwanja mzima kwamba hilo ndilo onyesho lao la mwisho pamoja, baada ya miaka 20. Kaka zake walikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na walisikia pamoja na umati. Kisha bendi ikaingia na "Shake Your Body", wimbo ambao yeye na mdogo wake Randy waliutunga pamoja, na wote waliokuwa jukwaani wakauimba mpaka mwisho.